Wino wa Dada na Nepi ya Mjukuu

Dada yangu alikuwa na vidole vitatu vyeusi vya mkono wa kulia, na alijivunia vidole hivyo kuliko wanawake wengine wanavyojivunia pete. Wasiomjua walidhani ameungua. Sokoni kulikuwa na muuza nyanya aliyemkatalia kugusa nyanya zake mpaka anawe mikono. Dada akanawa, akasugua kwa sabuni na jiwe, akamrudishia vidole vilevile. "Nimenawa," akamwambia. "Sasa nipimie."

Kazini walimwita Mama Wino. Kazi yake ilikuwa kutia alama nguo za hospitali: mashuka, foronya, taulo, magauni ya wagonjwa, makoti ya madaktari. Mimi ni mdogo wake, tumefuatana, na nilikuwa mshonaji katika chumba hichohicho cha dobi. Cherehani yangu ilitazamana na meza yake. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa, niliyaona, na anayetaka kubishana nami aje na ushahidi.

Wino wake hakuununua dukani, aliutengeneza kwa mkono wake. Mfamasia mzee wa hospitali alimfundisha alipokuwa bado msichana. Asili yake ilikuwa chumvi ya fedha, yaani fedha halisi iliyoyeyushwa kwa tindikali mpaka ikawa fuwele nyeupe. Aliiyeyusha katika maji safi, akatia amonia inayokutoa machozi ukiwa mlangoni, akatia gundi ya mti kidogo ili wino usitapakae, na masizi kidogo sana ili aone anachoandika. Wino huo ukiwa mbichi hauonekani vizuri. Unaandika, na kwenye kitambaa unaona kitu kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha unapitisha pasi ya moto, na herufi zinaibuka nyeusi ti.

"Hiyo si rangi," alikuwa akiniambia, kana kwamba sijaambiwa jana. "Rangi inakaa juu ya uzi. Hii ni fedha, imeingia ndani ya uzi ikalala humo. Utaitoaje?"

Na kweli haikutoka. Ichemshe, isugue, ianike juani mwezi mzima, shuka linachakaa na alama ipo. Kuna mfanyakazi mmoja aliyeiba mashuka ya hospitali akayapeleka kwenye nyumba ya kulala wageni ya shemeji yake. Walijaribu sabuni, wakajaribu dawa ya madoa, wakashindwa, mwishowe wakaamua kutandika mashuka kichwa chini miguu juu ili alama iwe upande wa miguuni. Mgeni wa kwanza alikuwa mtu wa kujigeuzageuza usingizini. Aliamka asubuhi na maneno MALI YA HOSPITALI yako chini ya kidevu chake, akadhani amezimia amelazwa, akaita muuguzi. Mwizi alikamatwa kwa njia hiyo. Dada alicheka wiki nzima, na mimi nikachoka kuisikia hadithi hiyo, ingawa unaona naisimulia mwenyewe.

Wino huo ulikuwa na ukali wake, na dada aliuheshimu. Chupa yake ilikuwa ya kahawia na ilikaa kabatini gizani, kwa sababu mwanga unauharibu. Hakuruhusu mtu kujikuna jicho karibu na meza yake. Na uliobaki jioni aliumwaga, hata ukiwa kikombe kizima, maana fedha na amonia zikikaa pamoja siku nyingi zinajitengenezea kitu kingine chini ya chombo. Zamani kabla hajajua hivyo alisahau kopo moja dirishani, akarudi kazini baada ya mapumziko, akaligusa kwa ncha ya ufagio. Kopo lililipuka likatoka na kioo cha dirisha. Dada alibaki ameshika mpini, hana hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfundisha usafi wa meza.

Basi mfamasia mzee akastaafu, chumvi ya fedha ikaadimika, na mtu wa stoo akaja na mkebe wa wino mpya na mihuri ya mpira. Wino huu ulikuwa mweusi tangu ndani ya mkebe. Ulitengenezwa kwa mafuta ya anilini, yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, na ulinuka kama rangi ya viatu. Hapana kuchanganya, hapana kuandika kwa kalamu. Unachovya muhuri, unagonga, unaendelea. Dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimaliza rundo la foronya kabla ya chai, akanitazama kwa pembe ya jicho na kusema, "Si mbaya." Kwa mtu wa aina yake hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu alama ilikuwa kazi ya mwisho. Nguo mpya tuliifua kwanza kutoa kanji ya kiwandani, kwa sababu wino wa fedha hauelewani na kanji. Ikishakauka inatiwa alama, inapigwa pasi, inakunjwa, inakwenda wodini. Pasi ndiyo iliyomaliza kila kitu. Baada ya pasi fedha imeshalala kwenye uzi na hakuna kilichobaki cha kumdhuru mtu. Ndivyo dada alivyofundishwa, ndivyo alivyotufundisha, na chumba kizima kilikwenda hivyo kama saa. Wino ulipobadilika, hatukubadilisha kitu. Tuliona wino ni wino.

Wakati huohuo nepi za wodi ya wazazi zilikuwa zimechakaa, zikaletwa majora mapya, nikashona mpaka mgongo ukakakamaa, na dada akagonga kila moja muhuri mmoja pembeni. Na wakati huohuo binti wa dada, ambaye kwangu pia ni mwanangu, alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka. Mjukuu wa kwanza wa dada. Mtu aliyekuwa haongei ila kuhusu mashuka sasa alikuwa haongei ila kuhusu tumbo.

Nilikata nepi za mjukuu kutoka kipande laini kuliko vyote. Dada akazichukua, akazitenga, na akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu. Badala ya kugonga muhuri mmoja pembeni, aligonga mihuri midogo kwa duara, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka katikati ya kila nepi pakawa na ua jeusi. Nilimwambia, "Dada, hilo ni ua au ni gurudumu?" Akasema, "Wewe shona, mambo ya sanaa yaache." Zikapigwa pasi zikiwa bado zinanuka, zikakunjwa, zikaenda.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, salama, msichana mwenye sauti ya kuuzia samaki. Dada aliruhusiwa kumtazama kupitia mlango, akarudi chumba cha dobi akitembea kama aliyemzaa yeye.

Kesho yake mchana tulikwenda kumwona. Binti yetu alikuwa amelala, bado mzito wa dawa za upasuaji. Mkwe, yaani mume wake, alikuwa amesimama kando ya kitanda kidogo cha mtoto, mkono mdomoni. Mtoto hakuwa akilia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha zake zilikuwa za buluu.

"Tangu asubuhi," muuguzi alisema. "Na hawa watoto wengine pia wamepauka kidogo, ila si kama huyu. Tulidhani ni baridi. Tumefunga madirisha na kuwafunika zaidi."

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alikuwa amekwisha msikiliza mtoto moyo na mapafu, na vyote vilikuwa vizuri. Alikuwa amempa oksijeni, na rangi haikubadilika hata chembe. Nilimwona anafikiri, na nikamwona anaamua. Alimchoma mtoto kisigino, akapokea tone la damu kwenye kitambaa cheupe. Kisha akajichoma kidole chake mwenyewe, akaweka tone lake pembeni. Lake lilikuwa jekundu. La mtoto lilikuwa la kahawia, kama kahawa iliyopoa, na alilipepea hewani muda mrefu likabaki hivyohivyo.

"Damu yake imeshindwa kubeba hewa," akasema. "Moyo mzima, mapafu mazima, hewa inaingia, lakini damu haiishiki. Kuna sumu imemwingia. Sasa nataka kujua ni nini na imepita wapi, kwa sababu kama bado inaingia, dawa yoyote nitakayompa ni kazi bure. Amekunywa nini?"

"Maziwa ya mama yake tu," muuguzi akajibu.

"Maji?"

"Hapana."

"Amepakwa nini?"

"Hakuna, daktari."

Daktari akasema wamvue kila kitu. Muuguzi akafungua nepi, imelowa, ya moto kwa kufunikwa, akamgeuza mtoto. Na pale kwenye makalio madogo, hafifu lakini kamili, palikuwa na ua.

Dada alisogea. Akainama, akalitazama lile ua kwenye ngozi, kisha akalitazama lile la kwenye nepi. Alipitisha kidole chake cheusi juu ya alama ya kwenye nepi, akakitazama kidole, akakinusa. Kwa miaka yote aliyotia alama, hakuna alama yake iliyowahi kuondoka kwenye kitambaa kwenda kwa mtu.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "ni wino wangu. Huu mpya. Unahama. Umeingia kwenye ngozi."

"Wino wa nini?"

"Anilini. Tunagonga, tunapiga pasi, tunaleta. Hatuzifui tena."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza, na mkwe wake alikuwa amesimama pale anasikia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wakisimulia habari hii hupenda kuanzia kwenye dawa.

Daktari hakupoteza muda wa kushangaa. "Ndiyo," akasema, kama mtu aliyepewa ufunguo aliokuwa akiutafuta mfukoni. "Anilini inafanya hivi hasa, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Unyevu na joto vinaisukuma ndani." Akaanza kutoa amri. Fungueni madirisha. Vueni watoto wote, waosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wavikeni nguo za zamani zilizokwisha fuliwa mara nyingi. Nepi zote mpya zitoke wodini sasa hivi. Wengine, alisema, wakiondolewa sumu miili yao itajirekebisha yenyewe. Huyu wetu alikuwa amepata nyingi mno.

Nyingi mno, kwa sababu alipendwa mno. Dada alilijua.

Daktari akarudi na kichupa kidogo cha kioo na bomba la sindano. Ndani ya kichupa mlikuwa na kitu cha buluu, buluu nzito kiasi kwamba ilikaribia weusi. Dada alikitambua kabla hajaambiwa. Mtu wa wino hahitaji kusoma.

"Daktari, hiyo ni rangi."

"Ni rangi, mama. Ilianza kwa kutiwa kwenye nguo kabla ya kuwa dawa."

"Unataka kumtia mtoto rangi kwenye mishipa."

"Kidogo sana. Inairudishia damu uwezo wa kubeba hewa. Sitakuficha, hii dawa na ule wino ni ndugu, vyote vimetokana na lami ya makaa ya mawe. Na nikizidisha, dawa yenyewe inakuwa sumu. Ndiyo maana napima kwa uzito wake, tone kwa tone." Akamgeukia mkwe. "Baba mtoto, nahitaji ruhusa yako, na naihitaji sasa."

Mkwe wetu ni fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache. Alimtazama mtoto wake, akamtazama mke wake aliyelala. Kisha akamtazama dada, na nilimwogopea dada yangu kwa yale yatakayotoka kwenye kinywa kile.

"Mama," akasema, "mimi sijui mambo ya wino. Wewe unajua. Ukisema apewe, apewe."

Nimemheshimu kijana huyo kuanzia dakika ile, na nitamheshimu mpaka nife. Angeweza kumlaumu. Akampa mtoto wake.

Dada alikitazama kichupa. Maisha yake yote alikuwa akiuliza swali moja tu kuhusu wino wowote aliopewa, na jibu alilopenda kusikia ni hapana. Sasa aliliuliza tena.

"Inafutika?"

Daktari alielewa. "Inafutika, mama. Ikimaliza kazi inatoka yote kwa mkojo. Utauona mwenyewe, wa buluu au wa kijani."

"Basi mpe."

Sindano ilisukumwa polepole sana. Mwanzoni mtoto alizidi kuwa na rangi mbaya, muuguzi akafumba macho, na daktari akasema kwa ile sauti yake nzito, "Tulieni, hiyo ni dawa." Tukatulia, maana tungefanya nini. Mkwe alishika upande mmoja wa kitanda kidogo na dada upande wa pili. Kisha niliona sikio. Watu wengine watakwambia walianza kuona midomo, lakini mimi nilikuwa upande wa sikio. Lilianza kuwa la waridi pembeni, kama nguo inavyoingia rangi, na rangi ikatambaa shavuni, ikafika mdomoni. Mtoto akavuta pumzi, akakunja uso, na akaachia ile sauti yake ya kuuzia samaki wodi nzima ikasikia.

Binti yetu akazinduka. "Anataka nini huyo?" akauliza kwa usingizi.

"Wewe," mkwe akamjibu, na akaketi sakafuni akalia.

Nikamtafuta dada, hayupo. Nilimkuta chumba cha dobi amepandisha mikono ya gauni, amewasha moto chini ya pipa la kuchemshia, anatumbukiza nepi zote zilizotolewa wodini, fungu kwa fungu. Msimamizi wa dobi alikuja mbio kuuliza kuna nini. Dada alimweleza lote, bila kujipunguzia, na akamwambia kuanzia leo kitu chochote kitakachopigwa huu wino kitachemshwa na kufuliwa kabla ya kupigwa pasi, na nepi za watoto wachanga hazitapigwa wino wowote. Zitashonewa uzi mwekundu pembeni.

"Nani ataushona?" nikauliza.

"Wewe," akasema.

Msimamizi alisema itabidi wakubwa waamue. Daktari aliwapelekea habari mwenyewe jioni hiyo, na wakaamua hivyohivyo. Maji ya pipa yalikuwa yamekwisha geuka meusi. Wino ule tuliodhani umeganda ulikuwa ukitoka kwa ukarimu, na dada aliyamwaga, akajaza mengine, akachemsha tena, mpaka maji yakabaki meupe. Ukichemshwa hivyo, kilichobaki kwenye uzi ni weusi uliotulia, usio na ubaya kwa mtu. Alinionyesha kitambaa kikiwa na alama yake safi, akakisugua kwenye upande wa ndani wa mkono wake, palipo peupe. Hakuna kilichohama. "Kumbe si wino mbaya," akasema. "Tuliuvika nguo za mwenzake."

Watoto wa wodi ile walipona wote. Nimeambiwa mmoja wao sasa ni mrefu kuliko mlango wa kwao. Dada alizunguka kila chumba cha dobi alichokijua, cha shule, cha hoteli, cha kituo cha afya, akiwaeleza: alama kwanza, maji ya moto, kisha pasi. Wengine walimuuliza yeye ni nani wa kuwaelekeza. Aliwaonyesha vidole.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata. Tulifika wodini mapema. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, wa waridi mpaka kwenye nyayo, ananyonya kama anayedai deni. Muuguzi alikuwa akicheka peke yake. Akatunyooshea nepi ya zamani, nyeupe, laini, isiyo na alama yoyote, na katikati yake palikuwa na doa kubwa la buluu na kijani.

"Mjukuu wako amekujibu," akamwambia dada.

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Muuguzi alimwambia aitie kwenye ndoo na nyingine, lakini hakutia. Alikwenda nayo kwenye sinki mwishoni mwa wodi, akafungua bomba, nikamfuata. Aliisugua kwa sabuni na vile vidole vyake vitatu, polepole, akaisuuza, akaisugua tena. Maji yalikwenda ya buluu, yakawa ya samawati, yakawa maji tu. Akaikamua, akaikung'uta, akaiinua dirishani kwenye mwanga na kuikagua kila pembe, kama alivyokagua kazi za watu wote waliopita mikononi mwake.

"Imetoka," akasema. Alikuwa akicheka na machozi yanafika shingoni. "Mdogo wangu, tazama. Imetoka yote."